Kitasa cha Mlango wa Mbali na Fedha ya Korosho

Tarehe 29 Machi, 2024, ilikuwa Ijumaa Kuu, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekwisha kuvuka nusu. Kutoka Unguja hadi Newala ofisi za umma zilikuwa zimefungwa. Siku hiyo mhandisi mmoja wa kampuni ya Microsoft, Andres Freund, aliwatangazia mafundi wa dunia nzima kwamba amegundua mlango wa uani uliofichwa ndani ya programu ndogo iitwayo XZ. Kazi ya programu hiyo ni kufinya mafaili ili yachukue nafasi ndogo, na ni wananchi wachache waliopata kuisikia kwa jina. Lakini mlango ule wa uani ulichimbwa kwa shabaha kubwa zaidi. Ulikusudiwa kumwezesha mwenye siri yake aingie katika kompyuta za watu kupitia SSH, yaani programu ambayo mafundi huitumia kuingia katika mashine iliyo mbali na kuiamuru kana kwamba wameketi mbele yake. Walioipima hatari hiyo waliipa alama 10 juu ya 10.

Safu hii haina nia ya kuwatisha wananchi kwa jambo lililokwisha kudhibitiwa. Nia yake ni kuuliza swali moja ambalo halijaulizwa vya kutosha. Ijumaa ile, katika halmashauri za Masasi na Newala, nani alikuwa wa kuambiwa? Na kama angeambiwa, je, alikuwa na mamlaka ya kufanya lolote kabla ya ofisi kufunguliwa Jumanne?

Tuanze na mahali penyewe, maana mambo ya kompyuta yakizungumzwa bila ya mahali huwa kama hadithi ya nchi za mbali. Mji wa Masasi umezungukwa na vilima vya mawe. Newala umekaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale panapoitwa Shimo la Mungu, ambapo nchi inakatika ghafla na jicho linateremka hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji iliyo ng'ambo. Uwanda ule una shida kubwa ya maji. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kuchota, wakapanda na mitungi kichwani, hadi miaka ya 1950 ulipoanzishwa mradi wa kuyasukuma maji kwa mashine yapande juu. Tangu hapo mtu wa Newala anaelewa, bila ya kuelezwa na mtaalamu yeyote, maana ya kutegemea bomba ambalo kichwa chake kiko mbali. Pampu ikisimama huko chini, bomba la juu linakauka, hata kama koki ni nzima na ndoo imekingwa.

Sasa bomba la pili limefika uwandani, nalo linapitisha habari na fedha. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zikapimwa, zikasafirishwa hadi ghala kuu, zikatolewa stakabadhi. Utaratibu huo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008. Minada husimamiwa na vyama vikuu: TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Tangu msimu wa 2024/2025 zabuni zimekuwa zikishindanishwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Wakulima wameandikishwa katika daftari la kompyuta la Bodi ya Korosho, na daftari hilo ndilo linalotazamwa wakati wa kugawa salfa na viuatilifu vya ruzuku. Malipo nayo huingia benki kwa orodha zilizotayarishwa kwa mashine. Kwa hiyo, kati ya kilo iliyowekwa juu ya mizani ya chama cha msingi na shilingi inayochukuliwa benki, pamesimama kompyuta nyingi, na aliye kijijini hazioni hata moja.

Mashine za namna hiyo, popote duniani, hutunzwa na watu wasiokaa nazo. Kompyuta ya halmashauri ikikwama Newala, fundi hapandi basi la kutoka Dar es Salaam. Huingia kwa mbali, akatazama, akatengeneza, akatoka. Hili ni jambo jema kabisa. Bila ya hilo, wilaya za pembezoni zingengoja wiki nzima kwa kazi ya nusu saa. Ila ni lazima tukubali upande wake wa pili: mlango anaoingilia fundi umo ukutani usiku na mchana, na kitasa chake kikiwa kibovu, fundi si peke yake atakayejua kuufungua.

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kusema kwamba haya ni ya wenzetu wa kusini mwa bara. Kwanza, Masasi si ugenini kwa watu wa Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, na watu hao wakafanya maskani Masasi, na vizazi vyao viko hadi leo. Pili, kisiwa ni pembezoni kama uwanda ulivyo pembezoni. Umeme wa Unguja ulipokatika tarehe 21 Mei, 2008, tukakaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulifahamu vizuri ni nini kutegemea waya unaopita chini ya bahari. Mkulima wa karafuu wa Pemba anayelipwa na ZSTC hana tofauti na mkulima wa korosho wa Newala mbele ya kompyuta iliyoharibika. Wote wawili wataambiwa mtandao uko chini, rudi kesho.

Tukirudi kwenye kitasa chenyewe, historia yake inafaa kujulikana. SSH ilitungwa mwaka 1995 nchini Finland na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Helsinki, baada ya wezi kutega sikio katika mtandao wa chuo na kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi. Yeye akatunga njia ambayo mazungumzo yote kati ya fundi na mashine yamefumbwa, asiyehusika akisikia haelewi. Mwaka 1999 ikatoka OpenSSH, inayotolewa bure, na ndiyo iliyoenea mno katika seva za dunia. Kwa kawaida husikiliza katika mlango namba 22. Kwa muda wa robo karne imekuwa miongoni mwa programu zinazoaminika zaidi, na kwa haki. Ndiyo sababu kila mara inaposemwa kwamba huenda ina kasoro, mshtuko huwa mkubwa.

Na imepata kusemwa mara nyingi. Nitazitaja mara nne, kwa sababu jibu lililofaa halikuwa moja katika hizo nne, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa watumishi wa serikali.

Tarehe 13 Mei, 2008, ilitangazwa kwamba watunzaji wa Debian, mmoja kati ya mifumo mikubwa ya kuendeshea kompyuta, walikuwa wameondoa mstari mmoja wa maandishi mwaka 2006 wakidhani hauna kazi. Kumbe mstari ule ndio uliokuwa ukileta bahati nasibu katika utengenezaji wa funguo. Kwa muda wa karibu miaka miwili mashine hizo zilikuwa zikichonga funguo kutoka katika vielelezo 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa, idadi ambayo kompyuta inaweza kuijaribu yote kwa muda mfupi. Aliyeweka toleo jipya akalala alikuwa hajafanya kitu, maana funguo mbovu zilikuwa zimekwisha kugawiwa na kunakiliwa katika mashine nyingine. Ilimpasa azikusanye, azitupe, achonge nyingine. Asiyekuwa na orodha ya aliowapa funguo hakuwa na njia ya kumaliza kazi hiyo. (Siku 8 baadaye Unguja ikazimika. Sijui kama kuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiri funguo.)

Julai 2009 ukaja uvumi. Ilisemwa mitandaoni kwamba kundi fulani la wahuni lina siri ya kuvunja OpenSSH, siri ambayo watunzi wake hawaijui. Baadhi ya watoa huduma wakafunga mlango wa kuingia kwa mbali siku hiyo hiyo, wateja wao wakabaki nje. Siku zikapita, ushahidi wa kasoro hiyo mpya haukuonekana. Chuoni, tulipokuwa wadogo, maalim hakuipokea habari mpaka aulize imetoka kwa nani, naye kaipokea kwa nani; mnyororo ukikatika katikati, habari inawekwa kando, haitupwi wala haifanyiwi kazi. Uvumi ule ulistahili kutendewa hivyo hivyo: kuongeza ulinzi, kupunguza wanaoruhusiwa kubisha hodi, na kungoja.

Kisha ikaja Machi 2024, habari niliyoanza nayo. Hapa hapakuwa na uzembe wala uvumi. Mtu aliyejiita Jia Tan alijiunga mwaka 2021 na kazi ya kuitunza XZ, ambayo kwa miaka mingi ilibebwa na mtu mmoja wa kujitolea, Lasse Collin wa Finland. Jia Tan alifanya kazi njema kwa zaidi ya miaka miwili. Majina mengine yakajitokeza kumlalamikia Collin kwamba anachelewa, na kwamba afadhali amgawie mwenzake madaraka. Akamgawia. Madaraka yalipokamilika, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka Februari na Machi 2024 yakiwa na mlango wa uani. Hadi leo haijulikani Jia Tan ni nani. Freund aligundua kwa sababu aliona kuingia katika mashine yake kunachelewa nusu sekunde kuliko kawaida, akataka kujua nusu sekunde ile inakwenda wapi. Bahati njema, matoleo yale yalikuwa yamefika zaidi katika mifumo ya majaribio, hayajaenea katika seva za kazi.

Tazama sasa dawa yake. Walioambiwa kila siku kwamba usalama ni kuweka toleo jipya ndio waliokuwa hatarini. Waliobaki na toleo la zamani walikuwa salama. Dawa ilikuwa kurudi nyuma.

Miezi mitatu baadaye, Jumatatu ya tarehe 1 Julai, 2024, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa serikali yetu, kampuni ya Qualys ikatangaza kasoro katika OpenSSH yenyewe. Ilikuwa kasoro ya zamani iliyozibwa mwaka 2006, ikarudishwa bila ya kukusudia Oktoba 2020 wakati maandishi yakirekebishwa. Ilimwezesha mtu asiye na ufunguo wala neno la siri kubisha hodi mara nyingi mno mpaka apate kuingia akiwa na madaraka yote ya mwenye mashine. Katika majaribio yao, kwenye mashine za biti 32, ilichukua wastani wa kubisha mara 10,000, yaani saa 6 hadi 8. Walikadiria kwamba mashine zaidi ya milioni 14 zilizo wazi katika intaneti huenda zina kasoro hiyo. Safari hii dawa ilikuwa kwenda mbele, kuweka toleo 9.8 au kiraka kilichotolewa na mtunza mfumo. Lakini kuna waliokuwa salama bila ya kufanya lolote, nao ni wale wa matoleo yaliyo kati ya kiraka cha 2006 na toleo la 8.5. Kwa ofisi yenye daftari lililoandikwa kila mashine ina toleo gani, kujua kama inahusika au haihusiki ilikuwa kazi ya dakika tano. Kwa ofisi isiyo na daftari ilikuwa kazi ya wiki, na wiki ile adui hakuihitaji.

Kwa wasioweza kuweka kiraka mara moja ilitolewa dawa ya muda. Kwa kawaida mlango humpa anayebisha sekunde 120 ajitambulishe, kisha humfukuza. Kasoro ilikuwa katika kule kufukuza. Ukiondoa kikomo hicho, kasoro haitumiki tena. Ila wanaobisha bila kuingia watajazana kizingitini mpaka mwenye nyumba mwenyewe akose pa kupita. Ni kubadilishana hatari moja kwa nyingine. Afisa wa Dodoma, aliye hatua chache kutoka katika mashine zake, anaweza kuipokea biashara hiyo bila ya wasiwasi. Kwa afisa wa Newala, ambaye fundi wake yuko safari ya siku nzima, kizingiti kikiziba ndiyo basi.

Hapa ndipo waraka wa jumla unaposhindwa kazi. Sisi wa Chama na Serikali tumezoea agizo lishuke kutoka taifani kwenda mkoani, kutoka mkoani kwenda wilayani, kila ngazi ikatia mhuri wake. Kwa kampeni ya kupanda miti utaratibu huo unatosha. Kwa kitasa hautoshi. Waraka ulioandikwa kwa busara ya Machi, ukisema rudini nyuma, ukifika wilayani Julai utawaangamiza walioutii. Na waraka usemao fungeni milango yote ya kuingia kwa mbali hadi mtakapoarifiwa, ukipokelewa Newala katikati ya minada ya Oktoba au Novemba, utamzuia mwizi ambaye huenda hayupo, na kwa hakika utamzuia fundi anayehitajika saa ile ile orodha ya malipo ikikwama.

Ucheleweshaji wa malipo ya korosho si jambo dogo katika mikoa ile. Aprili 2013 huko Liwale, katika mkoa jirani wa Lindi, kutoridhika na malipo kuliishia katika nyumba kuchomwa moto. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na kila aliyekuwa kusini msimu ule anakumbuka jinsi siku za kungoja zilivyokuwa ndefu. Katika nyakati hizo mbili hapakuwa na kitasa kilichovunjwa. Nazitaja ili afisa anayekaa mbali ajue kwamba mkulima hatofautishi kati ya fedha iliyoibiwa na fedha iliyozuiwa kwa tahadhari. Kwake yote ni ada ya shule iliyochelewa.

Kwa upande mwingine, wapo wanaosema kwamba wilaya ndogo haina cha kuibiwa, na kwamba mambo ya mwizi wa kompyuta ni ya benki na Ikulu. Hao wamekosea vibaya. Anayebisha mlango namba 22 habishi kwa kuchagua. Ana mashine inayobisha milango yote ya dunia mmoja baada ya mwingine, na hajui wala hajali kwamba mmoja wao uko Masasi. Akishaingia ndipo anapotazama pana nini. Atakuta majina ya wakulima, namba zao za simu, akaunti zao za benki, na pengine njia ya kupita kwenda katika mashine kubwa zaidi ambayo inaiamini ile ndogo.

Wala tusidhani kwamba kitasa kikiwa kizima basi hapana hofu. Katika kashfa ya NYS iliyowatikisa jirani zetu wa Kenya mwaka 2015, ambapo shilingi za kule milioni 791 zilichotwa, ilielezwa kwamba neno la siri la mtumishi lilitumiwa ndani ya mfumo wa malipo wa serikali. Ufunguo ulikuwa halali; mkono ulioushika ndio uliolalamikiwa. Nami nimepata kuketi katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikakiona kikaratasi kimebandikwa chini ya skrini, kimeandikwa neno la siri la fundi wa nje. Nikauliza fundi huyo yuko wapi. Nikaambiwa mkataba wake ulikwisha mwaka uliopita. Neno lile lilikuwa bado linafungua, na ofisi nzima ilikuwa ikilitumia, kwa hiyo kila kilichofanyika ndani ya mashine kiliandikwa kwa jina la mtu ambaye hayupo.

Tena si SSH peke yake. Katika ofisi nyingi ndogo anayesaidia huingia kwa AnyDesk au TeamViewer, akasomewa namba kwenye simu na karani. Februari 2024 wenye AnyDesk walitangaza kwamba mitambo yao iliingiliwa, wakabatilisha vyeti vya programu yao na kuwataka wateja wabadili maneno ya siri. Ni makarani wangapi wa vyama vya msingi waliopata habari hiyo kwa Kiswahili wanachokielewa?

Wazee wa vijiji vya mpakani wanasimulia kwamba katika miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji mgeni hakulala kijijini bila ya balozi wa nyumba kumi kujua ni nani, ametoka wapi na ataondoka lini. Balozi hakuwa na bunduki ya maana. Alikuwa na habari. Mashine zetu wilayani hazina balozi. Yupo afisa wa TEHAMA, mara nyingi mmoja au wawili, ambaye huitwa printa ikikwama. Lakini mwenye daftari la milango, matoleo na wenye funguo, mwenye idhini ya maandishi ya kufunga mlango saa nane ya usiku bila ya kumwamsha mkurugenzi, na asiyeadhibiwa kwa kuufunga hata kama uvumi utaonekana kuwa wa uongo, huyo ndiye anayekosekana.

Sheria hazikukosekana. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Bara kuna Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Zanzibar kuna yake. Kuna TZ-CERT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kikosi kilichowekwa kwa ajili ya kupokea na kutoa tahadhari za namna hii. Lakini sheria humshika aliyekwisha kuingia, na tahadhari ya Dar es Salaam humfaa mwenye kuisoma siku ile ile na mwenye ruhusa ya kuitenda. Tatizo lililobaki ni la kiutawala, na ni la aina ambayo hununuliwi kompyuta mpya likaisha. Watumishi wanaogopa. Anayeripoti kwamba kitasa kina shaka huulizwa kwa nini alikiacha kikawa hivyo, kwa hiyo hunyamaza akaomba usiku upite. Wakurugenzi wa halmashauri wana uwezo wa kulikomesha hilo kwa barua ya ukurasa mmoja, na hawahitaji kusubiri bajeti.

Milango isiyohitajika ifungwe sasa, wakati hakuna aliyevuma. Ile inayohitajika isisikilize dunia nzima, isikilize anwani chache zinazojulikana, na iingiwe kwa funguo zenye majina ya watu walio hai na walio kazini. Palipo na mlango mkubwa, pabaki kidirisha kimoja cha dharura, kwa mtu mmoja wa wilayani na mmoja wa taifani, ili kufunga kusiwe na maana ya kujifungia nje. Tarehe 12 Mei, 2024, mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikazorota, tulionja kidogo hali ya mlango uliofungika bila ya mtu kuamua. Siku kama hiyo orodha ya malipo lazima iwepo pia katika diski iliyo ndani ya kabati la wilaya, iliyonakiliwa jana, si mwezi uliopita.

Kisha pafanyike zoezi. Msimu wa korosho hufunguka Oktoba; kabla ya hapo, katika miezi ambayo mkulima yuko shambani akipuliza salfa na minada imelala, halmashauri za Masasi na Newala pamoja na TANECU na MAMCU zichague siku moja, bila ya kuwatangazia mafundi, na kufunga mlango wa kuingia kwa mbali kuanzia asubuhi hadi jioni. Iandikwe nani alipigiwa simu kwanza, nani hakupatikana, ufunguo wa nani ulikataa, na kama orodha ya malipo ya chama kimoja cha msingi iliweza kutoka kabla ya magharibi. Unguja na Pemba wafanye lao kabla ya karafuu kuanza kuchumwa. Matokeo yapelekwe kwa wakuu wa wilaya na kwa Mamlaka za Serikali Mtandao za pande zote mbili, yakiwa na majina ya mashine na saa za kila tukio. Na kama itaonekana kwamba Newala nzima ilimtegemea mtu mmoja ambaye simu yake ilikuwa imezimwa kwa sababu yuko likizo, basi jina la mtu wa pili liandikwe na apewe ufunguo wake wiki hiyo hiyo.